Anayepinga ujenzi hapingi maendeleo

KATIKA mitaa ya Nairobi kama vile Lavington na Kileleshwa, nyumba nyingi za zamani zilizokuwa na ua mpana zimebomolewa. Baadhi ya ploti hizo sasa zina nyumba za safu, yaani zile zinazoshikana ukuta kwa ukuta na kutumia lango moja. Kabla ya kujenga, mwenye ploti hutakiwa kuomba idhini ya kaunti na kuufahamisha umma. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango na matumizi ya ardhi inataka wananchi waalikwe kutoa pingamizi. Swali langu wiki hii ni la lugha: wanaalikwa kupinga nini hasa?

Aghalabu husikika kwamba wanaalikwa kujadili ‘idhini ya maendeleo’. Hapo ndipo penye kasoro. Katika sheria za mipango, neno la Kiingereza linalofasiriwa hivyo lina maana kavu kabisa: kufanya ujenzi kwenye ardhi au kubadilisha matumizi yake. Anayegeuza nyumba ya kuishi kuwa baa anahitaji idhini, sawa na anayeinua ghorofa. Sheria haisemi kuwa jambo hilo ni zuri wala baya.

Neno ‘maendeleo’ halina ubaridi huo. Limetokana na kitenzi ‘endelea’, na kiishio chake -o, kama katika ‘mafanikio’ na ‘matokeo’, hutaja hali iliyokwisha kufikiwa. Tangu Maendeleo ya Wanawake ianzishwe mwaka 1952, Wakenya wamelizoea neno hilo kama jina la neema: shule, maji, zahanati. Basi ukiuita mradi ‘maendeleo’ kabla haujakaguliwa, umeshautolea hukumu. Jirani anayeuliza maji ya mvua yataelekea wapi ataambiwa, “Wewe mzee, mbona unapinga maendeleo?” Naye atanyamaza, ilhali alikuwa akitumia haki yake.

Napendekeza tuseme ‘uendelezaji wa ardhi’. Muundo wa u- na -ji, kama katika ‘upandaji’ na ‘uchimbaji’, hutaja tendo, na tendo laweza kuwa jema au ovu. Pale ambapo mradi ni nyumba tu, ‘kibali cha ujenzi’ kinatosha na kila mtu anakielewa.

Istilahi ya pili inayotupotosha ni ‘kupamba mandhari’. ‘Mandhari’ ina asili moja ya Kiarabu na ‘nadharia’, na asili hiyo inahusu kutazama. Kwa hiyo msikilizaji hudhani mkaguzi wa jiji anashughulikia urembo: maua langoni na nyasi za kukanyagwa na watoto. La hasha. Mchoro huo huonyesha miti itakayosalia, itakayokatwa na itakayopandwa. Kadhalika sehemu ya ploti itakayoachwa bila saruji ili maji yazame ardhini. Ploti iliyosakafiwa yote humwaga maji yake kwa aliye chini ya mteremko. Hilo si suala la pambo. Heri tuseme ‘mpango wa miti, udongo na maji’. Ni maneno mengi kidogo, lakini mama mboga aliye kando ya mtaro atajua papo hapo kwamba yanamhusu.

Tatu ni barabara. Kiswahili kina utajiri hapa: barabara, njia, kijia, ujia, uchochoro. Lakini tunapojadili mradi, yote haya humezwa na neno moja, ‘barabara’, nalo hufahamika kuwa ni lami ya magari. Ukaguzi kamili huuliza zaidi ya hayo. Je, njia ya waenda kwa miguu itaendelea mbele ya lango au itakatika? Gari la zimamoto litaweza kuingia na kugeuka? Mtaro utaunganishwa na upi? Taa zitamulika wapi?

Ndugu zetu wa Tanzania wametutangulia kwa istilahi moja nzuri: ‘hifadhi ya barabara’, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, hata kama lami haijaufikia. Neno ‘hifadhi’ linakumbusha kuwa ardhi hiyo inatunzwa kwa niaba ya wote. Kwetu, ardhi iliyo nje ya ukuta huonekana eti haina mwenyewe, ndiyo maana huzungushiwa ua na kugeuzwa maegesho ya watu binafsi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wataalamu. Lakini Kifungu cha 7 cha Katiba kinataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Isitoshe, muda ni mfupi. Sheria niliyoitaja inampa mhusika asiyeridhika na uamuzi wa kaunti siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati husika. Siku hizo hazitoshi kutafuta mkalimani.

Tangazo la ujenzi liandikwe kwa Kiswahili chepesi: nini kitajengwa, miti mingapi itakatwa, maji yataelekea wapi, watu watapita wapi, na pingamizi lipelekwe kwa nani kabla ya tarehe gani. Msomaji akishajua hayo, ataamua mwenyewe kama hayo ni maendeleo.