Ndege ya Dola 400: Hesabu za Bessie Coleman

Mwaka 1923 gari jipya la Ford Model T liliuzwa Marekani kwa takriban dola 300. Mwaka huohuo, huko California, Bessie Coleman, rubani mweusi wa kike, alinunua ndege kwa dola 400. Ukiziangalia bei hizo peke yake, utadhani urubani ulikuwa umefika mikononi mwa kila mtu.

Bei hiyo ililetwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndege za mafunzo aina ya Curtiss JN-4, maarufu kwa jina la Jenny, ziliundwa zaidi ya 6,000, na jeshi lilizinunua kwa kama dola 5,000 kila moja. Vita vilipokwisha mwaka 1918 hazikuwa na kazi tena, zikauzwa kwa bei ya kutupa. Zilikuwa za mbao na kitambaa, na injini ya nguvu farasi 90 iliyozisukuma kwa mwendo wa kilomita 120 kwa saa, tena siku ikiwa nzuri.

Ndege ilipatikana, mwalimu ndiye aliyekuwa ghali. Amelia Earhart, rubani mwingine maarufu wa kike, aliyeanza masomo huko Los Angeles Januari 1921, alilipa dola 1 kwa kila dakika ya kuwa angani. Coleman hata nafasi ya kulipa bei hiyo hakuipata. Alikuwa mwanamke, alikuwa mweusi, na kila shule aliyoiendea ilimfungia mlango. Alizaliwa Texas katika familia ya mkulima wa pamba yenye watoto 13. Chuo huko Oklahoma alikisoma muhula mmoja tu, pesa zikaisha. Huko Chicago alisafisha kucha za wateja kwenye duka la kinyozi. Kwa mtu wa kipato hicho, safari ya Ufaransa kusomea urubani ilikuwa gharama ya ajabu, lakini ndiyo aliyoshauriwa na Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender. Akajifunza Kifaransa, akadunduliza, akapata wafadhili, na Novemba 1920 akapanda meli. Kozi ya miezi 10 katika shule ya ndugu wawili wa Caudron, mjini Le Crotoy, aliimaliza kwa miezi 7. Leseni yake ya kimataifa ina tarehe 15 Juni 1921. Earhart alipata ya kwake mwaka 1923.

Sasa tupige hesabu ya mapato. Rubani wa maonyesho aliishi kwa viingilio na kwa kurusha abiria. Mwaka 1920 Earhart alirushwa kwa mara ya kwanza kwa dola 10, dakika 10. Kwa nauli hiyo, abiria 40 tu wangerudisha bei ya Jenny. Kwenye karatasi hesabu inakubali, lakini angani mambo yalikuwa mengine. Februari 1923, Coleman alipopaa kutoka Santa Monica kwenda kwenye onyesho lake Los Angeles, injini ilizimika hewani. Akavunjika mguu na mbavu, ndege ikawa kuni, na watu waliokuwa wakimsubiri, inasemekana 10,000, wakarudi nyumbani. Miezi kadhaa ilipita hospitalini, na ilimchukua hadi mwaka 1925 kurejea sawasawa kwenye maonyesho, huko Texas. Hasara hiyo haimo katika zile dola 400.

Na bado alikuwa tayari kukataa pesa. Huko Waxahachie, Texas, alisema hatarusha ndege kama weusi na weupe wataingia kwa milango tofauti. Waandaaji wakakubali mlango mmoja, ingawa ndani watu walitengwa vilevile. Mimi naona hapo ndipo tunapojua alichokuwa akikitafuta, maana maonyesho yake yalikuwa ya kukusanya fedha za kuanzisha shule ya urubani ya watu weusi.

Aprili 1926 alikuwa na Jenny nyingine kuukuu, iliyomaliziwa malipo na tajiri mmoja wa Florida, Edwin Beeman. Fundi wake, William Wills, alipoileta kutoka Dallas ililazimika kutua kwa dharura njiani. Tarehe 30, juu ya Jacksonville, Wills akiwa kwenye usukani, spana iliyosahaulika ilikwama kwenye mitambo. Coleman hakuwa amefunga mkanda, kwa sababu alitaka kuchungulia chini mahali pa kuruka na mwavuli kesho yake. Akatupwa nje, akafa akiwa na umri wa miaka 34. Wills naye akafa ndege ilipoanguka.

Siku 20 baadaye, tarehe 20 Mei 1926, Rais Coolidge alitia saini sheria iliyoipa serikali ya Marekani, kwa mara ya kwanza, mamlaka ya kutoa leseni kwa marubani na kukagua ndege. Kwa ukaguzi huo, katika miaka michache iliyofuata akina Jenny walitoweka angani, na bei ya dola 400 ikatoweka nao.