Video za upasuaji wa fizi huanzia katikati

Siku hizi mgonjwa anayeambiwa kwamba fizi zake zinahitaji upasuaji huingia chumba cha daktari akiwa ameshauona upasuaji wenyewe kwenye simu. Mwanafunzi wa udaktari wa meno naye huutazama usiku wa kuamkia siku atakayosimama kando ya mwalimu wake. Mara nyingi wote wawili wametazama video ileile, ilhali haja zao hazifanani hata kidogo.

Nyingi ya video hizo huonyesha katikati tu. Kisu kinaingia, ufizi unafunuliwa, nyuzi zinafungwa, muziki unaisha. Kilichotangulia na kilichofuata havimo, na huko ndiko kunakojulikana kama mgonjwa alitibiwa vizuri au la.

Ugonjwa wa fizi huanza na utando wa bakteria unaojijenga shingoni mwa jino, ambao usipoondolewa huganda ukawa ugaga. Ufizi huvimba na kutoka damu, kisha huachana na jino. Mfupa unaolishikilia jino huliwa polepole, na kati ya jino na ufizi hutokea mfuko. Daktari huupima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akigusa sehemu 6 za kila jino. Milimita 1 hadi 3 kwa kawaida si tatizo. Mwongozo wa wataalamu wa fizi wa Ulaya wa mwaka 2020 umepanga matibabu kwa hatua: kwanza usafi wa kinywa na kuacha sigara, pili kukwangua ugaga mpaka chini ya ufizi, halafu kupima upya. Upasuaji hufikiriwa pale mifuko yenye kina, hasa ya milimita 6 na zaidi, inapobaki licha ya kazi hiyo. Mifuko mingi hupungua kina katika hatua ya pili, na mgonjwa akaepukana na kisu. Kwa hiyo video inayoonyesha mkato bila kutaja kipimo hata kimoja cha kabla yake imemficha mtazamaji sababu ya mkato huo. Na watazamaji si haba: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wana ugonjwa mkali wa fizi.

Upande wa pili ndio unaoniuma zaidi. Picha ya “baada ya” mara nyingi hupigwa siku ya kutoa nyuzi, ufizi ukiwa bado umevimba. Uvimbe huo hupandisha ufizi juu ya jino, na ukishuka, sehemu ya kile kilichopongezwa hushuka nao. Ufizi uliopandikizwa kufunika mzizi ulio wazi haufai kuhukumiwa kabla ya miezi 6 hivi. Baada ya upasuaji wa mifuko, meno huonekana marefu kuliko zamani, nafasi kati yake hufunguka, na maji baridi huuma. Hayo ni matokeo ya kawaida, lakini asiyeonywa hudhani ameharibiwa. Anayepandikiziwa ufizi uliokatwa kwenye kaakaa huwa na vidonda viwili, na cha kaakaani mara nyingi ndicho kinachouma zaidi. Kikiachwa wazi huchukua wiki 2 hadi 4 kufunga. Katika video, kaakaa huonekana kwa sekunde chache, kisha kamera inarudi kwenye jino.

Watafiti wanaopima ubora wa video za afya hutumia vipimo vichache vinavyojulikana. DISCERN, kilichotoka Uingereza mwaka 1999, kina maswali 16 na kila swali hupewa alama 1 hadi 5: je, faida zimeelezwa, hatari zimetajwa, kuna njia nyingine ya matibabu, itakuwaje mtu asipotibiwa? Jarida la kitabibu la JAMA la Marekani lilipendekeza mwaka 1997 mambo 4 ya kutazamwa: nani ameandaa, ametumia vyanzo gani, nani analipia na ni ya lini. Vipimo hivi vilibuniwa kwa ajili ya maandishi. Vinafaa kwa mgonjwa, na ningependa kila mtu ayajue maswali yake, ila havioni mkono wa mpasuaji. Video inaweza kupata alama nzuri huku kisu kikiwa kimeshikwa vibaya. Idadi ya waliotazama ndiyo isiyosaidia kabisa, kwa kuwa tafiti nyingi za aina hii zimekuta kwamba video maarufu si lazima iwe bora. Na tangu Novemba 2021, YouTube ilipoacha kuonyesha hadharani idadi ya waliochukizwa, hata dalili hiyo ndogo mtazamaji haioni tena.

Kuna aina moja ya video inayotuhusu sisi moja kwa moja: kung'arisha fizi nyeusi. Ufizi wa kahawia au mweusi kwa Mwafrika ni maumbile, unatokana na melanini ileile inayotia ngozi rangi, na hauonyeshi uchafu wala ugonjwa. Katika video tabaka la juu hukwanguliwa kwa kisu au leza, na ndani ya dakika moja ufizi ni wa waridi. Haisemwi kwamba rangi mara nyingi hurudi, baada ya miezi au miaka, wala kwamba mtu mzima mwenye fizi nyeusi tangu utotoni hana cha kutibiwa. Mwenye hamu ya kubadili rangi ana haki yake, ila aambiwe kwamba ananunua urembo. Anayehitaji kuchunguzwa ni yule aliyeota doa jeusi jipya mahali pamoja, naye katika video hizo hatajwi.

Vivyo hivyo kwa fizi zilizokua mpaka kuyafunika meno. Mara nyingine chanzo ni dawa: fenitoini ya kifafa, au nifedipini na amlodipini za shinikizo la damu. Ukikata bila kuzungumza na daktari aliyeziandika, ufizi unaweza kukua tena. Mgonjwa naye asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mwanafunzi ana njaa nyingine. Anataka kuona kidole kinachoegemea jino ili mkono usiteleze, pembe ya ncha ya kisu dhidi ya mfupa, na unene wa kipande cha kaakaa, ambacho kwa kawaida ni milimita 1 hadi 1.5. Video iliyoharakishwa inayafuta yote hayo. Kamera iliyosimama mbele ya mgonjwa inamgeuzia kushoto kuwa kulia. Kibaya zaidi, mhariri huondoa kila kilichokwenda kombo: ufizi uliochanika, uzi uliokatika, mshipa wa kaakaa uliovuja. Hayo ndiyo atakayokutana nayo peke yake akishahitimu.

Vyuo vikuu vya Muhimbili, Nairobi na Makerere vinafundisha madaktari wa meno. Walimu wapo, na wagonjwa wanaoweza kuridhia wapo. Mgonjwa mmoja arekodiwe kuanzia siku ya kupimwa mifuko hadi miezi 6 baada ya nyuzi, uso wake ukifichwa, kisha zitengenezwe video mbili. Ya mgonjwa iwe ya dakika chache, kwa Kiswahili, isiwe na damu, imwambie ale nini, asipige mswaki wapi na kwa muda gani, na kaakaa likivuja akandamize kwa shashi safi dakika 15 bila kuchungulia, damu isipokoma arudi hospitali. Ya mwanafunzi iwe ndefu, mwalimu akisema kila anachokifanya, na pale damu ilipokataa kukoma pasikatwe.