Homa ya ini B: saa 24 za kwanza za mtoto wako

Mama anaweza kuishi na virusi vya homa ya ini B kwa miaka mingi bila kuumwa. Macho hayabadiliki kuwa ya manjano, tumbo haliumi, na shughuli zake anafanya kama kawaida. Ndiyo maana wengi hujua wana virusi siku wanapopimwa kliniki wakiwa wajawazito. Majibu hayo hushtua, lakini yakijulikana mapema mtoto anaweza kukingwa.

Kwa nini mtoto mchanga yuko hatarini zaidi?

Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hupambana na virusi hivi hadi vikaisha. Wanaobaki navyo ni chini ya 5 kati ya 100. Kwa mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ni kinyume kabisa: takriban 9 kati ya 10 hubaki na virusi kwa muda mrefu, mara nyingi maisha yote.

Mtoto huyo huonekana mzima. Ananyonya na kuongezeka uzito vizuri. Madhara, yaani makovu kwenye ini au saratani ya ini, huja akiwa mtu mzima, pengine tayari ana familia inayomtegemea.

Maambukizi mengi ya mama kwenda kwa mtoto hutokea wakati wa kujifungua, mtoto anapogusana na damu na majimaji ya mama. Kwa hiyo muda wa kumkinga ni mfupi.

Je, chanjo ya wiki ya 6 haitoshi?

Chanjo ya penta inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ina kinga ya homa ya ini B ndani yake. Usiikose. Lakini kwa mtoto aliyekutana na virusi siku aliyozaliwa, wiki 6 ni mbali sana.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto apate dozi ya kwanza ya chanjo ya homa ya ini B mapema baada ya kuzaliwa, ndani ya saa 24. Dozi hii ni ya homa ya ini B peke yake na huchomwa pajani. Inaweza kutolewa siku moja na BCG na matone ya polio. Baada yake, mtoto anaendelea na penta kama kawaida.

Ukijifungulia nyumbani au njiani, mpeleke mtoto kituoni siku hiyohiyo. Hata kama saa 24 zimepita, mpeleke. Faida hupungua kadiri siku zinavyopita, lakini ni bora kuchelewa kuliko kukosa.

Ufanye nini ukiwa mjamzito?

1. Omba kupimwa homa ya ini B kwenye hudhurio la kwanza. Ni kipimo cha damu, kama vile vya VVU na kaswende. Kupimwa VVU hakumaanishi umepimwa na homa ya ini.

2. Hakikisha majibu yameandikwa kwenye kadi yako, ili mkunga atakayekupokea ayaone hata ukifika usiku.

3. Ukikutwa na virusi, uliza kuhusu dawa ya tenofovia. Hupunguza virusi kwenye damu ya mama kabla ya kujifungua. Daktari ataamua kama unaihitaji na uanze lini. Mwenye VVU anayetumia dawa zenye tenofovia tayari anapata dawa hii. Asiache bila ushauri, maana homa ya ini inaweza kuibuka kwa ukali.

4. Uliza mapema kama kituo utakachojifungulia kina chanjo ya siku ya kuzaliwa. Si kila kituo huwa nayo. Kama hakina, panga na muuguzi mahali pa kuipata kabla uchungu haujaanza. Baadhi ya hospitali pia huwa na sindano ya kingamwili kwa mtoto, lakini ni ghali. Ikikosekana, chanjo bado itolewe. Hata peke yake hukinga watoto wengi.

Maswali tunayoulizwa sana

Je, ninyonyeshe? Ndiyo. Maziwa ya mama hayajathibitika kuongeza maambukizi, na huna haja ya kusubiri chanjo ndipo uanze. Chuchu zikipasuka na kutoa damu, mwone muuguzi akusaidie kumpakata mtoto vizuri.

Je, lazima nifanyiwe upasuaji? Hapana. Homa ya ini B peke yake si sababu ya upasuaji.

Je, nitenge sahani na vikombe? Hapana. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana wala kupeana mkono. Usichangie wembe, mswaki, wala sindano ya kutogea masikio. Mwenzi wako na watoto wakubwa wapimwe, na wasio na virusi wala kinga wachanjwe.

Baada ya kujifungua

Mtoto akishamaliza chanjo zote, arudishwe kupimwa damu akiwa na miezi 9 hadi 12, ili ijulikane kama hana virusi na kama kinga imejengeka. Nawe mama usiishie hapo: ini lako linahitaji kuangaliwa kila mara, hata kama hujisikii kuumwa.