Kuku anayeatamia analea kuliko jiko la makaa

Hapa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa kaunti ya Homa Bay, vifaranga wa siku moja hufika kwa boti kutoka Mbita, wamefungwa ndani ya katoni zenye matundu. Mimi ni mtu wa Pwani, kazi ndiyo iliyonileta huku, na kila nikiona katoni inashushwa hujiuliza: hawa atawalea nani? Wengi hutegemea jiko la makaa au balbu ya stima. Stima ikipotea usiku, au makaa yakizima alfajiri upepo wa ziwani ukivuma, vifaranga hulundikana pembeni na walio chini hukosa pumzi. Jirani yangu aliokota 23 waliokufa kati ya 50, na pesa ile ilikuwa karo ya mtoto. Nyuma ya jiko lake walikuwako kuku wawili wa kienyeji wamelalia mayai.

Ndugu msomaji, uwe Lamu, Kwale au Kilifi, kuku yule ni yuleyule. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na kifua cha kuku anayeatamia kinatoa joto hilo bila kununua hata kopo moja la makaa. Kazi ni kumfanya awakubali watoto asiowaangua.

Kwanza hakikisha anaatamia kweli. Kuku aliyekwenda kutaga tu huondoka ukimsogelea. Anayeatamia hujitandaza, hututumua manyoya, huguna na kudonoa mkono. Hushuka mara moja au mbili kwa siku kula na kunya kinyesi kikubwa chenye harufu kali, kisha hurudi mbio. Ukimpapasa kifuani utakuta ngozi tupu yenye moto.

Mayai huanguliwa kwa siku 21. Kuku aliyekaa siku mbili hayuko tayari kuwa mama. Aliyemaliza wiki mbili na nusu au tatu ndiye wa kumwamini. Kwa hiyo agiza vifaranga kwa hesabu ya kuku wako. Mwandikie tarehe aliyoanza kulala. Mayai ya kumshikilia yasiwe mengi, na ukiyamulika usiku kwa tochi ya simu baada ya wiki moja, yasiyo na mishipa ya damu yatoe kabla hayajawa viza.

Kabla ya vifaranga kuja, msafishe mama. Utitiri na viroboto wanaomsumbua yeye kidogo wanaweza kumnyonya kifaranga hadi afe. Mpake dawa ya unga iliyoruhusiwa kwa kuku, choma matandiko ya zamani, weka mapya. Awe pia amechanjwa kideri mapema.

Kukabidhi ni kazi ya usiku, maana kuku haoni vizuri gizani. Vifaranga wawe wa siku moja au mbili. Kifaranga huishi siku mbili tatu kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, ndiyo maana anaweza kusafiri, lakini akizidi umri huo huwa ameshazoea kuishi bila mama na hukimbia anapoitwa. Wanyweshe maji kwanza. Nenda na mwanga hafifu, usipige kelele. Toa yai moja, ingiza kifaranga mmoja chini ya bawa, na uendelee hivyo. Kuku wetu wa kienyeji ni mdogo, 12 hadi 15 wanamtosha. Ukiwa na kuku wawili walioanza pamoja, wagawie nusu kwa nusu.

Alfajiri uwepo hapo, usimtume mtoto. Akitoa ule mlio wa chini wa kuwaita na kuwaonyesha chakula, shughuli imekwisha. Akiwadonoa kichwani kwa nguvu, watoe saa hiyohiyo. Kuna kuku wasiokubali, hata uwabembeleze vipi. Walio rangi tofauti na wale aliokwisha waona huwakataa upesi, hivyo usimwongezee wengine kesho yake.

Siku za kwanza mfunike na watoto wake chini ya tenga kubwa. Mwewe hapa hawana mchezo, na kenge hupanda kutoka ufukweni. Maji yawe kwenye sahani yenye vijiwe, wasizame. Chakula cha vifaranga mama naye anaweza kula, lakini cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi mno kwao. Huku watu huongezea omena iliyosagwa, tena iliyokaushwa bila chumvi. Sisi wa Pwani tuangalie hapo: dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi, na chumvi nyingi huua kifaranga. Wenyeji pia hufunika chungu chenye mabua na mavi makavu ya ng'ombe juu ya njia ya mchwa jioni, asubuhi wakakifunua mbele ya mama. Mlo huo kwa kweli sijaona duka linaloushinda.

Chanjo haziondolewi na kuwa na mama. Muulize afisa wa mifugo ratiba ya kideri na gumboro kabla hujaagiza katoni.

Mama huwaacha wakiwa na wiki sita hadi nane hivi. Ukitaka arudi kutaga mapema, mtenge wakishaota manyoya ya kutosha, na usiku wa kwanza wazibie upepo.