Tension haiulizi rangi ya ngozi, inauliza namna tunaishi



Mwenzetu mumoja alimaliza poste ya usiku, akapanda bisi ya kazi. Wakati wa kushuka, mukono wake wa kuume ukakataa. Kinywa kikapindama. Ku nyumba walisema ni bulozi, wakamupeleka ku maombi. Siku mbili zikapita mbele ya kufika ku hospitali. Leo anaishi, lakini hasemi vizuri, na kazi imekwisha. Haikuwa bulozi. Ilikuwa tension. Tangu siku aliingia kazi, hakuna aliyemupima.

Wengine kati yetu wanasema tension ni ugonjwa wa matajiri. Wengine wanasema iko mu damu ya watu weusi, hakuna cha kufanya. Ni kweli, ku Amerika watu weusi wanaipata kupita wazungu. Lakini mu 1997 munganga Richard Cooper na wenzake walitoa hesabu ya watu weusi wa asili moja. Ku Afrika ya Mangaribi, watu 16 ku 100 walikuwa na tension. Ku visiwa vya Karibe, 26. Ku Amerika, 33. Babu zao ni wamoja. Kama ni ngozi, hesabu ingekuwa sawa. Kilichobadilika ni maisha: chakula, uzito, mawazo.

Na sisi je? Tunafanya kazi usiku, muchana watoto wanapiga kelele, hatulali. Bukari tunakula na makayabo, cube mbili mu sufuria, na lutuku siku ya mushahara. OMS inasema mutu mukubwa asifikishe gramu 5 za chumvi ku siku: ni kijiko kidogo kimoja tu.

Wakati wa mukoloni, hospitali ya wazungu ilikuwa yao, na ya weusi yao. Leo rangi haiandikwe tena ku mulango. Lakini tumeona expatrié anapimwa moyo kila mwaka, na journalier wa sous-traitance anapewa kidonge cha kichwa, anarudishwa ku kazi. Na sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema mwajiri anapashwa kutunza mfanyakazi na jamaa yake wakigonjwa.

Tushike haya. Tension haiumi, ni mashine tu inaionyesha. Ikifika 140 juu ao 90 chini, irudiliwe kupimwa siku ingine. Dawa haiachwe juu unajisikia muzuri, na usikopeshe vidonge vya jirani. Uso ukipindama, mukono ukilegea, maneno yakichanganyikana: mbio ku hospitali, saa ile ile. Maombi yatafuata.

Wiki hii, kila mumoja aulize ku dispensaire: «Tension yangu ni ngapi?» Aandike ku karatasi, na bibi ku nyumba apimwe pia. Wakikukatalia, kuya kwa délégué wako. Tutaenda pamoja.