Shahada ya Uzamili kwa Njia ya Mtandao: Mambo ya Kupima Mwalimu wa Teknolojia na Nyumba Yake

Mageuzi ya elimu nchini mwetu yamewatwika walimu mzigo ambao wengi wao hawakuandaliwa kuubeba. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, umeupisha mtaala wa umilisi uliozinduliwa rasmi katika madarasa ya chini mwaka wa 2019. Kundi la kwanza la watoto wa mtaala huo liliingia sekondari msingi Januari 2023, na sekondari pevu Januari 2026. Humo ujuzi wa dijitali si pambo. Umehesabiwa miongoni mwa aina 7 za umilisi ambazo kila mtoto anatarajiwa kuwa nazo. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha hata mafunzo ya kuandika programu za kompyuta katika shule za msingi na sekondari.

Matokeo yake ni kwamba mwalimu aliyesomea hisabati au sayansi hujikuta ameitwa mwalimu wa kompyuta kwa sababu tu ndiye anayejua kuiwasha. Si ajabu basi kuwa walimu wengi, wake kwa waume, wanaulizia shahada ya uzamili isomwayo kwa njia ya mtandao. Swali hilo si la mwalimu peke yake. Shahada hii husomewa nyumbani, kwa saa za nyumba na kwa fedha za nyumba, aghalabu juu ya meza ile ile ya kulia chakula. Kwa hiyo yapasa nyumba nzima ilipime kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni.

Zamani na sasa

Zamani mwalimu wa Pwani aliyetaka kuongeza elimu alikuwa na njia mbili: kuomba ruhusa ya kwenda masomoni na kuhamia mji wenye chuo, au kusoma katika likizo za Aprili, Agosti na Disemba, wakati ambapo watoto wake mwenyewe walikuwa nyumbani wakimsubiri. Kwa mama mwenye watoto wadogo huko Faza au Garsen, njia zote mbili zilikuwa nzito, na walio wengi walikata tamaa.

Mtandao umelegeza fundo hilo, na kwa hakika ulipita mlangoni mwetu. Juni 2009 mkongo wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa. Mwezi uliofuata mkongo wa SEACOM ukaanza kazi. Bahari iliyotuletea majahazi ya kaskazi ndiyo iliyotuletea intaneti. Hata hivyo, mkongo kufika Mombasa si sawa na kufika Kizingitini. Na hata mjini haukosi kuyumba: Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na kwa siku kadhaa mawasiliano ya Kenya na Tanzania yakazorota. Mwanafunzi wa mtandaoni hujifunza mapema kupakua masomo yake siku mtandao ulipo mzuri, na kutongojea saa ya mwisho kuwasilisha kazi.

Kusoma kwa mbali, lakini, hakukuanza na intaneti, wala si elimu ya daraja la pili. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliasisiwa mwaka wa 1969, na majirani zetu walianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria ya mwaka wa 1992. Hapa nyumbani, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kilipewa hati yake Agosti 2023, na mafunzo yake hutolewa kwa njia ya mtandao.

Shahada ipi?

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa kuwa majina yanafanana na mambo yenyewe ni mbalimbali. Kuna shahada ya sayansi ya kompyuta, ambayo humfanya mtu kuwa bingwa wa kompyuta yenyewe: programu, data, usalama wa mitandao. Kuna shahada ya elimu ya ufundi, ambayo humwandaa mkufunzi wa umeme, ujenzi au mitambo. Na kuna shahada ya teknolojia ya elimu, ambayo humfundisha mwalimu wa somo lolote jinsi ya kukitumia chombo ili mwanafunzi aelewe zaidi. Mwalimu anayetaka kufundisha uandishi wa programu katika sekondari pevu anahitaji ya kwanza. Anayetaka kuwaongoza walimu wenzake shuleni anahitaji ya tatu. Anayechagua kwa kutazama bei pekee huenda akapata cheti kizuri cha kazi isiyo yake.

Ni kipi hasa kinachofundishwa katika hii ya tatu? Mwaka wa 2006 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, Punya Mishra na Matthew Koehler, walieleza kwamba mwalimu huhitaji maarifa ya aina tatu: ya somo lake, ya mbinu za kufundisha, na ya teknolojia. Walisisitiza kuwa haitoshi kuwa na kila moja peke yake; ustadi uko pale zote tatu zinapokutana.

Tuchukue mfano wa huku kwetu. Mwalimu anafundisha kupwa na kujaa kwa maji. Anaijua jiografia yake, anajua kuliongoza darasa, na anajua kutengeneza jedwali katika kompyuta. Akiwaonyesha watoto picha ya mwezi na bahari ukutani kwa projekta, ametumia teknolojia, lakini hakuna kilichobadilika. Picha ile ingetosha hata katika kitabu. Lakini akiwapa vipimo vya maji ya Kilindini vya mwezi mzima, wakaviingiza wenyewe katika jedwali na kuchora mstari wake, wataona kwa macho yao bamvua ikipanda mara mbili kwa mwezi na maji mafu yakitulia katikati. Kisha awatume kwa babu zao wavuvi wakaulize kwa nini siku fulani hawatoki na ngalawa. Kompyuta, somo na maisha vimekutana mahali pamoja. Kumfikisha mwalimu hapo ndiyo kazi ya shahada hii, na asiyefika hapo hajapata alichokilipia.

Chuo kinatambuliwa?

Katika mtandao, mlango wa chuo cha kweli na mlango wa mlaghai hupakwa rangi moja. Wapo wanaouza shahada kwa kisingizio cha kuthamini uzoefu wa maisha, bila mtihani wala tasnifu, na kwa majuma machache tu. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 iliipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, jukumu la kuidhinisha vyuo vikuu vya Kenya na kuzitambua na kuzisawazisha shahada zinazotolewa nje. Mwalimu na aiulize tume hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa karo, na ataje programu yenyewe, si jina la chuo tu. Jibu aliweke pamoja na vyeti vyake. Kuuliza baada ya kuhitimu ni kutafuta usukani chombo kikiwa kimeshapanda mwamba.

Jambo jingine la kuuliza ni cheti kitaandikwaje. Vyuo vyenye heshima yao hutoa shahada ile ile kwa aliyesoma darasani na aliyesoma mtandaoni. Chuo cha Georgia Tech cha Marekani, kilipoanzisha shahada yake ya uzamili ya sayansi ya kompyuta mtandaoni Januari 2014, kwa karo ya jumla ya takriban dola 7,000, kiliwapa wahitimu wake shahada ile ile ya wenzao wa darasani.

Fedha na cheo

Tusemezane ukweli hapa, maana ndipo nyumba nyingi huingia katika majuto. Kwa miaka kadhaa sasa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, haimpandishi mwalimu cheo kwa sababu tu ameongeza shahada. Nafasi hutangazwa, watu hushindania, na utendaji hutazamwa. Shahada humpa mwalimu nguvu katika mashindano hayo, na humfungulia milango ya vyuo vya walimu na vyuo vya kiufundi, lakini si hundi iliyokwisha kutiwa saini. Anayekopa akitegemea nyongeza ya mshahara ya mwaka ujao anaujengea mchangani.

Karo inayotozwa kwa dola ina hatari yake pia. Januari 2024 dola moja ilifikia karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Karo ya dola 1,000 iligeuka kwa shilingi 30,000 bila chuo kubadilisha neno. Kulipa muhula kwa muhula kutokana na mshahara, hata kama masomo yatachukua miaka mitatu badala ya miwili, ni salama zaidi, na humwepusha mtu na mikopo ya riba.

Wala mzigo huu si lazima ubebwe na mtu mmoja. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME, ambayo ilianza kufundisha ufundi mwaka wa 1951 na leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor, ilisimamishwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya wakati huo. Wazee wetu walijua kuwa elimu ya ufundi ni gharama ya wengi. Bodi ya shule isiyoweza kumlipia mwalimu karo inaweza kumpunguzia vipindi viwili kwa juma, au kumwachia chumba chenye intaneti baada ya saa za kazi. Hayo nayo ni mchango.

Saa za nyumba

Kozi moja ya uzamili hudai takriban saa 10 kwa juma. Saa hizo hazishuki kutoka mbinguni. Hutolewa katika usingizi, katika mazungumzo, katika kuwatazamia watoto kazi zao za shule. Mwalimu mwanamke ambaye baada ya Isha bado ana vyombo vya kuosha na sare za kupiga pasi hatazipata asipopewa. Mume akiridhia masomo kwa mdomo tu, jikoni pakabaki vile vile, hajaridhia. Kadhalika mke wa mwalimu anayesoma aambiwe mapema ni usiku upi mumewe atakuwa mbele ya kompyuta, naye mume autimize usiku uliosalia. Na kalenda ya chuo itazamwe: muhula ambao mitihani yake imeangukia kumi la mwisho la Ramadhani ni bora upunguziwe kozi tangu mwanzo.

Mwishoni huja utafiti. Anayeufanyia hapa Kenya sharti apate kibali cha NACOSTI, na akiwahusisha wanafunzi sharti wazazi waridhie, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inalinda habari za watoto. Basi mzazi akiletewa karatasi ya kutia saini na mwalimu wa mwanawe, na asiitilie shaka bure. Aisome, aulize atakalo, na akiridhika atie saini.

Kabla ya kujiandikisha, na waketi mume na mke, au mwalimu na wazazi wake, waandike mambo matatu katika karatasi moja: jibu la tume kuhusu chuo, jumla ya karo kwa shilingi na itakakotoka, na saa 10 za juma pamoja na jina la atakayeshika kazi za nyumbani katika saa hizo. Penye pengo, na pazibwe kwanza. Vyuo havikimbii, vitapokea wanafunzi mwaka ujao pia. Pakiwa hapana pengo, mwalimu na aanze kwa moyo mkunjufu. Kuna watoto darasani wanaomngoja.