Kabla ya Rangi, Waya Kwanza

Wapo wanandoa wanaogombana kwa sababu ya meseji za simu. Mimi na mwenzangu tuligombania nyaya. Tulikuwa tumejibana mwaka mzima kukarabati nyumba aliyoiacha baba mkwe pale Gangilonga, Iringa. Yeye anataka vigae na rangi, mimi nataka fundi umeme. Wiki nzima kila mtu alilala amegeukia ukuta wake.

“Mama, waya ziko ndani ya ukuta, nani ataziona?” aliniuliza. Hapo ndipo penye hatari yenyewe.

Nyumba nyingi za zamani huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Gangilonga hadi Uzunguni ya Mbeya, zilifungwa umeme wa taa, redio na pasi. Sisi tunahamia na friji, maikrowevu, jagi la umeme na, kwa baridi ile ya Juni na Julai, shawa ya maji moto. Shawa ya wati 5,000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 22. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 haukuwekwa kwa mzigo huo. Unachemka taratibu, na moto unaweza kuanzia darini kwenye mbao kavu, nyinyi mmelala fofofo.

Fundi alipofungua dari, mpira wa waya ulimomonyoka vidoleni kama mkate mkavu. Kabla plastiki haijaenea, nyaya zilivikwa mpira, nao ukizeeka unapasuka. Soketi tatu hazikuwa na ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Kwenye boksi, mtu alishabadilisha fyuzi kwa kipande kinene cha waya, kwa hiyo hata nyaya zingeungua, umeme usingekatika. Mume wangu alikaa kimya, kisha akasema, “Haya, waya kwanza.”

Dalili za kuangalia

Soketi yenye joto au weusi. Harufu ya plastiki inayoungua. Taa kufifia kila mkiwasha pasi. Kupigwa shoti kidogo ukigusa friji au bomba la shawa. Mkiona mojawapo, zimeni mein swichi, mwiteni fundi.

Kama mfuko hauruhusu

Kama nyaya zenyewe bado nzima, si lazima kumaliza yote kwa mkupuo. Sisi tungeanza na boksi jipya la sakiti breka, pamoja na kifaa kinachokata umeme ukivuja kiasi cha miliampea 30, na ethi ya uhakika. Pili, shawa na jiko vipewe laini zao, kila kimoja na breka yake. Soketi zifuate, kwa waya wa 2.5, kisha taa. Lakini mpira ukiwa umepasuka kama wetu, hakuna awamu. Ng’oeni zote, hata kama vigae vitasubiri mwaka mwingine. Vyetu vilisubiri.

Msikubali ujanja

Mwombeni fundi leseni yake ya EWURA, hata kama ni shemeji. Waya wa bei ya kutupa ukwangueni kwanza: mwingine ni alumini iliyopakwa shaba juu. Na kama nyaya za zamani zitabaki sehemu fulani, fundi aweke alama, maana rangi zimebadilika. Zamani wa moto ulikuwa mwekundu na nyutro nyeusi, siku hizi ni kahawia na bluu.

Mwisho, mpango uwe wa wote wawili. Asiwepo wa “nilikwambia” wala wa kununia bajeti. Wikiendi hii, kabla hamjaenda dukani kuchagua rangi ya sebule, kaeni na karatasi, andikeni kila kitu cha umeme mnachotumia na wati zake. Mkabidhini fundi karatasi hiyo, ndipo mzungumze bei.